Kwa Salima, Ambaye Kada Yake Haipo

Salima mwanangu,

Sitaanza na ile ya kwamba mimi ni mzima wa afya na hofu ni juu yako uliye mbali. Bado hujawa mbali. Uko chumba cha pili unafunga begi, nakusikia unavyovuta zipu na kuifungua tena, na mimi nimejifungia chumbani kwangu kwa kisingizio cha kichwa. Kichwa hakiniumi. Kinachoniuma ni sebule.

Sebuleni wamejaa watu waliokucheka uliporudi kutoka Sauzi, na leo wanakula pilau yangu wakisema walijua tangu zamani kwamba utafika mbali. Mjomba wako Rashidi ametoka Nalasi na mfuko mzima wa korosho, na tangu alasiri anawaeleza wenzake jinsi ya kuishi na Wazungu. Hajawahi kuvuka Lindi. Mama Zuberi, jirani yetu, anakuandaa kwa baridi ya Ulaya, na baridi kali kuliko zote aliyowahi kuiona ni ya Njombe, tena akiwa ndani ya basi. Wote wanaitikia kwa vichwa. Sijui wanakubaliana na nini.

Waache waseme. Habari za sweta, za chakula, za kuswali safarini na za kupiga simu ukifika utazipata kwao mpaka uzichoke. Mimi nakuandikia kwa sababu tukikaa uso kwa uso nitatafuta neno la kuchekesha, wewe utacheka, na tutakuwa hatujasema kitu.

Mtaa huu wa Ruhuwiko wanasema mama Salima ana dharau. Ni kweli. Sijawahi kubisha. Nimekuwa karani wa mahakama ya mwanzo maisha yangu yote ya kazi, nikiandika maneno ya watu wanaoapa kwa kitabu kitakatifu na kuanza uongo kabla mkono haujashuka. Nilizoea kumkatia mtu hukumu kabla hajapata pa kukaa, na nilidhani huo ni ujuzi. Baba yako alipoomba uhamisho kurudi kwao Singida, aliniambia hawezi kuzeeka ndani ya nyumba ambamo kila siku yuko kizimbani. Nilimjibu kwamba mshitakiwa ana haki ya kukata rufaa. Hakukata. Alipanda basi.

Ulipopata ufadhili wa kwenda kusoma, nilitangaza mtaa mzima kwamba mwanangu anakwenda kusomea udaktari. Baadaye ukanipigia simu kuniambia ni udaktari wa miguu. Nikakuuliza, miguu na nini? Ukasema miguu tu, Mama, kuanzia kifundo kwenda chini. Nikakwambia nina maharage jikoni, nikakata simu. Sikuwa na maharage. Niliona aibu, na kwa muda wote uliokuwa huko niliendelea kuwaambia watu unasomea mifupa. Ukiwasikia sebuleni wakikuita daktari wa mifupa, usiwasahihishe. Kosa hilo ni langu, na wao hawana akili ya kulirekebisha.

Uliporudi na shahada yako ulikwenda kwenye ofisi ya serikali kuulizia kazi. Mtu wa utumishi akafunua makaratasi yake, akakwambia kada hiyo haipo kwenye muundo. Ukamuuliza kama wagonjwa wa sukari wenye vidonda miguuni wapo kwenye muundo. Akacheka kana kwamba umemtania. Kisha akakuuliza kama unapaka na rangi za kucha, maana mke wake ana sendofu mwisho wa wiki. Ulinisimulia jambo hilo ukimenya ndizi, bila hasira hata kidogo. Mimi ndiye niliyeshindwa kula. Mtu yule anaitwa afisa rasilimali watu. Mbele yake alikaa mtu, na mtu huyo alikuwa rasilimali, naye hakuona hata kimoja.

Ukaamua kujitolea kwenye kituo cha afya. Nilikudharau kidogo kwa hilo, nakiri, maana niliona unagawa bure kitu ambacho wamekutukania. Sista Edna wa kliniki ya sukari ndiye aliyekuelewa. Alikufungulia stoo ya vitanda vibovu, mkavitoa nje, mkapaka chokaa, akakupa siku ya Alhamisi. Mlangoni hamkuandika kitu kwa sababu hapakuwa na jina linaloruhusiwa kuandikwa.

Sikuja kukuona kazini kwa muda mrefu. Nilipokuja sikukuarifu. Nilikaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa, nikisema moyoni kwamba nataka nione tu hicho chumba. Pembeni yangu alikuwa Bibi Anastazia wa Mpitimbi, yule mkulima mwenye sauti kama ya mwanamume, mguu wake mmoja umefungwa kitambaa cha kanga. Hakunijua. Akanieleza kwamba ndani kuna binti ambaye akishika mguu anakuwa kama anasoma barua. Alisema mwanzoni alificha kidonda chake kwa sababu kilikuwa kinanuka, na hospitali aliyokwenda kwanza nesi alifunika pua. Wewe hukufunika. Ulivuta kiti karibu zaidi, akasema.

Zamu yangu ilipofika uliinua macho, ukaniona, ukasema, "Karibu, vua viatu." Basi. Hukusema Mama, hukucheka. Nilivua vile viatu vyangu vyeusi vya mahakamani ambavyo nimevivaa mpaka baada ya kustaafu. Ulipitisha ule waya wako laini chini ya nyayo zangu na kuniambia nifumbe macho, nikihisi niseme. Nilisema nahisi mahali pote. Ukasema taratibu, "Mama, hapo nilikuwa sijakugusa."

Nilifumbua macho nikakuta unaandika. Ukaniuliza nimevaa viatu vya kubana tangu lini. Nikasema havibani. Ukasema, "Ukinidanganya mimi haidhuru. Ila mguu hauna mtu mwingine wa kumwambia." Nikakueleza ukweli, kwamba nilinunua namba ndogo tangu nilipoajiriwa kwa sababu sikutaka miguu ya Nalasi ionekane mjini. Ukakwangua sugu, ukakata kucha ambayo ilikuwa imeingia ndani ya nyama, na ukaniandikia nikapime sukari. Sote tunajua majibu yaliyotoka. Siku ile nilirudi nyumbani peku, viatu mkononi, Mama Zuberi akachungulia dirishani, na kwa mara ya kwanza sikujali anafikiri nini. Usiku nilikuwa natamani kuirudia ile simu ya siku ya maharage, niifute.

Sasa hiyo nchi unayokwenda. Jina lake sitaliandika, nimelisikia vya kutosha. Wana upungufu wa wataalamu wa miguu, wanatangaza kila mahali kwamba wanawahitaji, na mtaalamu akijitokeza wanamuuliza anathibitishaje kwamba yeye si tapeli. Ulisoma kwa Kiingereza, ukafanya mitihani kwa Kiingereza, ukawa unaota kwa Kiingereza, mimi nakusikia. Wakataka usafiri hadi Dar ukafanye mtihani wa kuonyesha unajua Kiingereza. Wakataka chuo chako kieleze kila somo ulilosoma, saa zake na nani alifundisha. Chuo nacho kikachukua muda wake, kama vile wanaandika tafsiri ya Kurani. Mwishowe baraza lao la usajili likakujibu kwamba masomo yako yanatosha, isipokuwa ni muda tangu umalize, na wanataka uthibitisho kwamba umekuwa ukifanya kazi hiyo. Mkuu wa mahali unapofanyia aandike na kugonga mhuri.

Nilicheka sana siku hiyo. Ulikuwa unafanya kazi ambayo nchi yako inasema haipo, na nchi nyingine inataka mtu wa nchi yako athibitishe kwamba unaifanya. Hata mahakamani sikuwahi kupata kesi nzuri kiasi kile. Wewe hukucheka. Ulikuwa umekaa kwenye ngazi za jikoni, mikono kwenye magoti, na niliona kwa mara ya kwanza kwamba umechoka.

Ndipo wakaja wenye huruma. Kuna yule wakala wa ajira aliyetoka Dar, mwenye simu mbili na suruali fupi inayoonyesha soksi. Alikuita hotelini, Mjomba Rashidi akaja kukusindikiza kwa kuwa ndiye mjomba na kwetu Wayao jambo la mtoto haliendi bila mjomba. Nami nikaja bila kuitwa. Wakala akasema kuna njia nyepesi. Usiombe usajili, uende kama msaidizi wa wazee, makaratasi ya miguu utayarekebisha huko huko. Alisema neno "huko huko" kama mtu anayezungumzia peponi. Nikamuuliza ni wangapi aliowapeleka kama wasaidizi ambao sasa wanafanya kazi waliyosomea. Akatazama simu moja, kisha ya pili. Mjomba akanikanyaga mguu chini ya meza.

Kuwaogesha wazee ni kazi ya heshima, na anayeifanya kwa hiari yake hana la kuonea aibu. Ninachokidharau ni kumchukua mtu na ujuzi wake mlangoni, kumwambia auache nje, kisha kumpongeza kwa kupata nafasi ya kuingia. Mjomba alisema wewe ni mtoto wa kike, miaka inakwenda, ukubali. Nilifungua mdomo kumrarua, lakini uliniwahi. Ulisema, "Mjomba, nakushukuru kwa kunisimamia. Nikiingia kama msaidizi, kila atakayefungua faili langu ataona msaidizi. Nitasubiri." Mjomba akajikuna shingo, akasema basi, umesema. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno makali kiasi kwamba mengine bado ninayo. Hayakuhitajika hata moja.

Hapo ilikuwa juu ya mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chenu, yule mwembamba anayefunga tai hata siku za joto. Ulimpelekea ombi la kuthibitisha kazi yako ya Alhamisi. Akakataa. Akasema hawezi kuandika kwamba kituo chake kina huduma ya miguu wakati huduma hiyo haipo kwenye muundo wala kada yake haipo. Ulikuja kunieleza jioni, ukasema utafikiria namna ya kuongea naye. Nilipaswa kukuacha ufikirie.

Badala yake nilikwenda mwenyewe kesho yake. Nilivaa vizuri. Wauguzi walikuwepo, na wagonjwa wa kwenye foleni ya dawa walikuwa wakisikia kila kitu kwa sababu mlango sikuufunga, kwa makusudi. Nikamwambia kwamba katika kazi yangu nimeona mihuri mingi, na baadhi yake ilikuwa na akili kuliko mtu aliyeishika. Watu wakacheka. Nilisikia kile kicheko nikanenepa. Yeye hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaipangusa, akasema, "Mama, kile chumba ni stoo kwenye kumbukumbu zangu. Kuanzia leo kitatumika kama stoo."

Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikakusimulia ule mstari wa mihuri. Nilitegemea ucheke. Uliingia chumbani ukafunga mlango bila kishindo, na mimi nikabaki na sahani mbili mezani.

Vitanda vibovu vilirudishwa. Alhamisi ya kwanza wagonjwa walikuja wakarudi. Sista Edna aliwafunga vidonda kwenye korido kadiri alivyoweza, lakini ana kliniki nzima ya kuhudumia. Alhamisi zilizofuata wengine hawakuja kabisa, kwa sababu nauli ya kutoka vijijini si ya kuchezea na mtu akirudishwa mara moja hana moyo wa kujaribu tena. Bibi Anastazia alikuwa mmojawapo. Alikaa Mpitimbi na kile kidonda, akakifunga kwa majani, akaendelea kupalilia. Alipoletwa, kidole gumba kilikuwa cheusi. Walikikata. Daktari aliyemkata alisema ni bahati hakikuwa kifundo.

Hukunilaumu hata siku moja. Ningefurahi kama ungenilaumu, ningepata cha kujitetea.

Umenisikia mara nyingi nikisimulia kisa cha usaili wangu. Wageni wanakipenda. Nikiwa karani kijana, hakimu wangu aliniombea nafasi ya kwenda kusomea uhakimu. Wakaja wasaili, mmoja wao mtu mnene anayechokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu. Akaniuliza, mahakama ni nini. Niliona ananidhihaki, karani niliyekaa mahakamani kila siku. Nikamjibu kwamba ni mahali ambapo mtu akiuliza swali la kijinga anaweza kutozwa faini. Wenzake wakacheka hadi machozi. Hapo ndipo huwa nakomea, na wageni wanacheka pia.

Kinachofuata hukifahamu kwa sababu umekulia ndani yake. Hawakunichukua. Walichukua wengine waliojibu kwamba mahakama ni chombo cha kutoa haki, wakaenda wakasoma, wakarudi mahakimu. Niliwabebea mafaili. Wengine walikuwa wazuri na wengine hawakufaa kuhukumu ugomvi wa kuku, na wote nikawaamkia kila asubuhi na kusimama walipoingia. Yule mnene aliendelea na maisha yake, nasikia alistaafu vizuri. Nilikataa kupimwa na mtu niliyemwona mjinga, nikabaki pale pale na akili yangu yote. Miaka yote ile nilikuwa nikijiambia kwamba nimeshinda.

Wewe ulifanya nini? Ulikwenda kwa mganga mfawidhi siku ambayo hapakuwa na watu. Ulimwamkia shikamoo. Ulimwomba radhi kwa niaba yangu bila kuniuliza, na nilipojua nilikununia mpaka Mjomba akapiga simu kusuluhisha. Ulimwambia kwamba hutaki aandike jina la kada yoyote. Arudishe kile chumba kwa Alhamisi moja tu, aje asimame aone, na kama kuna alichokiona aandike hicho alichokiona kwa macho yake. Alikwambia jambo ambalo mimi sikuwahi kufikiria kumuuliza. Alisema, "Binti, nilishawahi kusaini kitu kisichokuwepo kwenye muundo, kwa nia njema. Nilihojiwa kama mwizi mbele ya watu niliowafundisha kazi." Alikuwa anaogopa, basi. Mimi nilimwona mjeuri.

Alikuja. Sista Edna alinisimulia kwamba alisimama mlangoni mikono mfukoni, kama mtu anayepita, na mpaka mgonjwa wa mwisho alikuwa bado yupo, na kwamba mara moja alikushikia taa. Kisha akaandika. Nimesoma alichoandika. Kiingereza chake ni cha kuokoteza na nukta zake amezitupa tu mahali popote. Lakini aliandika kwamba binti huyu kila wiki anapima hisia za nyayo, anakata sugu na kucha, anasafisha na kufunga vidonda, anawafundisha wagonjwa kuangalia miguu yao kila jioni, na kwamba yeye mwenyewe ameona. Hakuweka jina la kazi. Akagonga mhuri. Chumba hakikurudi tena kuwa stoo.

Bado namdharau, usidhani nimeokoka. Tai ile haina sababu. Ila sasa namdharau kama mtu mzima mwenzangu, na nikikutana naye sokoni tunaamkiana.

Nilikwenda pia Mpitimbi, hilo hukulijua. Nilimkuta Bibi Anastazia amekaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi, mguu ameunyoosha. Alifurahi kuniona, akadhani nimeletwa na urafiki wa benchi. Nikamwambia mimi ni mama wa yule binti aliyemtibu mguu, na kwamba chumba kilifungwa kwa sababu ya maneno yangu. Nilimrudia hadi ule mstari wa mihuri, neno kwa neno, kama ushahidi. Aliendelea kupukuchua. Mwishowe akasema, "Sasa si ungemtukana baada ya kliniki kwisha." Akanisogezea mahindi, tukapukuchua sote mpaka jua likapoa. Sijawahi kupewa hukumu fupi na ya haki namna ile, na nimekaa mbele ya mahakimu wengi.

Majibu ya baraza yalipokuja nilikuwa nakaanga mbasa. Ulisimama mlangoni ukasema, "Mama, wamekubali. Nimesajiliwa." Nikasema, "Wamechelewa." Nikageuza samaki. Ulisubiri kidogo, ukaondoka. Nilitaka kukuita. Mafuta yalikuwa ya moto, na mimi ni mimi. Basi leo nakuita. Nilifurahi, Salima. Nilifurahi hadi nikaunguza wale samaki, na ukavila vile vipande vyeusi bila kuuliza.

Huko watakuuliza mara nyingi ulisomea wapi, kwa sauti ile ile ya yule aliyeulizia rangi za kucha, ila kwa lugha ya adabu. Utawekewa msimamizi ambaye ataanza kukueleza kidole ni nini. Jina lako watalikata wapendavyo. Damu yako ni yangu, kwa hiyo jibu zuri litakujia haraka, tena litakuwa zuri kweli, watu watacheka. Unajua namna ya kulimeza kuliko mimi, nimekuona ukifanya hivyo. Sikuambii ulimeze kila mara. Wapo akina wakala wa suruali fupi hata huko, na hao usiwapunguzie. Ninachokuomba, kabla hujafungua mdomo, tazama nyuma kwenye benchi kama kuna mgonjwa anayesubiri.

Kuna watakaosema umekimbia. Wameshaanza, wengine wakiwa na pilau mdomoni. Wanasema nchi imekusomesha umeiacha. Nchi haikukusomesha, na ulipoipigia hodi ikasema haikujui. Nenda. Moyo ukikuvuta kurudi, rudi, lakini asikurudishe mtu kwa kukutia aibu.

Jambo moja silipati namna ya kulidharau, nalo ni benchi lile. Sista Edna umemfundisha kufunga na kusafisha, na atajitahidi, ila kukata ile sugu inayoficha kidonda amesema hathubutu. Alhamisi hii watakuja kama kawaida. Kuna wa Mpitimbi, kuna wale wawili wanaoshuka na basi la Tunduru wasiojua Kiswahili cha kutosha. Mganga mfawidhi alitaka kubandika tangazo mlangoni. Nimemwambia, kwa upole, asibandike. Nitakwenda mimi asubuhi na mapema, nikae pale benchi, na kila atakayefika nitamwamkia kwa lugha yake na kumwambia kwamba binti yangu ameondoka.

Mama yako